Ru au Lu: Baba Mmoja Katika Karatasi Tatu

Mwezi Machi alinijia nyumbani hapa Ngara mama mmoja niliyepata kumfundisha zamani, ambaye sasa naye ana wajukuu. Tulipokwisha shikamoo na habari za mvua, alifungua mkoba wake akatandaza mezani karatasi tatu. Ya kwanza ilikuwa cheti cha ubatizo cha marehemu baba yake, kimejazwa kwa Kilatini na mkono wa padri. Ya pili ilikuwa stakabadhi ya kodi ya baba huyo huyo, ya siku za Mwingereza, imekunjwa hata mikunjo ikatoboka. Ya tatu ilikuwa cheti chake yeye mwenyewe cha kumaliza shule, kilichojazwa kwa wino wa bluu. Katika zote tatu limo jina la baba. Katika ya kwanza linaanza kwa Ru. Katika ya pili linaanza kwa Lu. Katika ya tatu linaanza kwa Lu vilevile, ila katikati pamechomekwa irabu isiyokuwamo katika zile mbili, kama linavyofanywa jina la Murgwanza, ambalo wengine huliandika Murugwanza na barua zikafika.

Marehemu aliacha shamba la kahawa na migomba, na mirathi haijafunguliwa mpaka leo. Karani aliyezipokea karatasi hizo alisema ni za watu watatu. "Baba alikuwa mmoja, Mwalimu," mama yule aliniambia, "na nilimzika mwenyewe."

Nilivaa miwani. Wino ule wa bluu niliutambua kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Mwandiko ulikuwa wangu.

Toba yangu kwake nimekwisha kuitoa. Ninalotaka kuwaambia wenzangu wapenzi wa ushairi na lugha ni kwamba tumekuwa tukipima kwa mizani mbili, na jambo hili linatuhusu sisi kuliko wanasheria. Shujaa wa tenzi tunamwandika Liyongo. Askofu Steere katika hadithi zake za mwaka 1870 alimwandika Liongo. Na sijapata kumwona mhakiki anayesema kuwa hao ni mashujaa wawili waliouawa kwa sindano mbili. Mtunzi wa ule utenzi maarufu wa mwaka 1858 tunamwandika Mwana Kupona, na wengine Mwanakupona, wala heshima yake haipungui. Wahariri wa hati za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hukuta neno moja limeandikwa kwa sura tatu katika nakala tatu. Hawazitupi nakala mbili, bali huziweka ubavuni na kuuliza kila moja ilitoka kwa mnakili gani. Huo ndio usomi tunaojivunia. Lakini mkulima wa Bugufi akija na sura tatu za jina moja, tunamwambia akachague moja kisha akaape.

Mimi nashikilia kwamba sura zote tatu ni sahihi, kila moja kwa mkono wake na kwa siku yake, na kwamba anayetafuta nasaba ya nyumba yake katika wilaya hizi za Ngara na Biharamulo akianza kwa kuuliza "ipi ndiyo yenyewe?" atapotea njia mapema. Swali lenye faida ni "nani alishika kalamu?"

Tuanze na mgeni wa kwanza aliyetuandika kwa wino uliodumu. John Hanning Speke alipita huku mwaka 1861 akielekea kaskazini. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 kinaitaja nchi ya Usui, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo Biharamulo ya leo, na mtawala wake anaitwa Suwarora. Kutoka hapo akafika Karagwe kwa mfalme anayemwandika Rumanika. Sisi tunamwandika Rumanyika. Kitu gani kiliila ile ny? Speke hakuwa akisikia kwa sikio lake peke yake. Kati yake na wenyeji walisimama wakalimani wa msafara, watu wa Kiswahili, na hao walikuwa na mazoea yao. Ndiyo sababu tuna Usui yenye U ya Kiswahili, wakati wenyeji husema Rusubi au Busubi. Wajerumani walipokuja wakaiandika Ussuwi, wakiongeza s ya pili kwa desturi ya lugha yao, kwa kuwa kwao s moja kati ya irabu husomwa z. Nchi moja, na kila mwandishi ameacha humo alama ya meno yake.

Msidhani kiambishi U ni jambo dogo. Buganda iliandikwa Uganda na dola zima likabaki na jina hilo. Burundi iliandikwa Urundi hadi ilipopata uhuru mwaka 1962, na mji wake uliokuwa Usumbura ukawa Bujumbura. Ukoo wa watawala wa kale wa Karagwe na nchi jirani wenyewe hujiita Abahinda. Kiswahili kinasema Wahinda. Vitabu vya Wazungu vinasema Bahinda au Hinda tu. Mjukuu anayepekua faharasa ya kitabu kimoja kwenye herufi W atarudi mikono mitupu, kumbe babu zake wamekaa kwenye B au H wakimngojea.

Nasema ukoo, na hapo pana kichekesho ambacho hakinichekeshi. Fomu zetu zote zina kisanduku cha "jina la ukoo". Wenyeji wa huku hawakuwa na jina la kurithi kama la Wazungu. Kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe, mara nyingi sentensi kamili, na ukoo ulikuwa kitu kingine kabisa, kinachotajwa wakati wa kuposa, wa msiba na wa ugomvi wa mpaka wa shamba. Leo katika kisanduku cha ukoo tunaandika jina la babu. Ukoo wenyewe hauandikwi popote. Basi tumelitwika jina la mtu mmoja kazi ya kuwabeba wazao wake wote, kisha tunashangaa likipinda mgongo.

Majina hayo ya sentensi ni ushairi, na wasomaji wa ukumbi huu wataelewa haraka kuliko karani. Kihangaza ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kiha. Wanaisimu wanaziweka katika kundi moja. Bizimana maana yake ni kwamba ayajuaye ni Mungu. Habyarimana, azaaye ni Mungu. Hakizimana, aponyaye ni Mungu. Ntakirutimana, hakuna kimzidicho Mungu. Litazame hilo la mwisho. Silabi ya kwanza, nta, ndiyo ikanushi. Kiswahili hakina desturi ya kuanza neno kwa nt mbele ya irabu isipokuwa katika maneno machache kama nta ya nyuki, kwa hiyo ulimi wa mgeni huiona silabi hiyo kama kikohozi cha kuanzia. Ukiiacha silabi hiyo umegeuza sala kuwa kufuru: kimzidicho Mungu kipo. Mtu anaweza kuishi miaka 60 akibeba kufuru hiyo katika kadi yake ya kliniki bila mwenyewe kujua.

Wahaya nao wana Tibaijuka, hawakumbuki. Sijui jina lifaalo zaidi kwa mada yangu.

Sasa nifike kwenye r na l, ambako dhambi yangu iko. Kiswahili sanifu kinazitenganisha sauti hizi kwa ukali: kula si kura, mahali si mahari. Lugha nyingi za huku zina sauti moja tu, ulimi unagusa kaakaa mara moja na kuondoka, wala si kimadende cha Kiswahili wala si kitambaza chake. Anayeisikia kwa sikio la Kiswahili ataandika mara hii r, mara hii l, na mara zote mbili atakuwa amekosea kidogo na kupatia kidogo. Waganda walikaa mwaka 1947 wakakubaliana kanuni: r iandikwe baada ya e na i, kwingine kote l. Sisi hatukukaa. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji, ilikuwa kamati ya Kiswahili. Sauti za Bugufi na Busubi hazikuwa mzigo wake. Kwa hiyo kila mwenye kalamu akafanya kanuni yake.

Matokeo yake yanaonekana hadi bungeni. Wengi mnamkumbuka Mchungaji Getrude Rwakatare, aliyefariki mwaka 2020, na mnamkumbuka Wilfred Lwakatare aliyekuwa mbunge wa Bukoba Mjini. Sisemi kwamba nyumba zao ni moja. Nasema jina ni moja. Profesa Josephat Rugemalira, mwanaisimu aliyeandika sarufi ya Runyambo, ana r mwanzoni, l katikati na r tena kuelekea mwisho, na sidhani kuna mwenye ujasiri wa kumsahihisha mwanaisimu. Na tazama lugha yenyewe aliyoiandikia: wenyewe husema Runyambo, Kiswahili husema Kinyambo.

Mimi nilikuwa na ujasiri huo. Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa kijana mwenye chaki na imani. Tulikuwa tukipambana na watoto wanaosema "chakura" na "kurara", na tulipambana kwa juhudi iliyopita kiasi. Mtoto aliyechekwa mara 20 kwa sababu ya r atakapoulizwa jina la baba yake atalitamka kwa l, kwa woga. Na mwalimu mwenye rejesta, aliyekwisha kuzoea kufuta r kwa kalamu nyekundu katika insha, ataifuta hata katika jina bila kuona kwamba ameingia shamba la mtu. Ndivyo nilivyofanya. Sikumwuliza mzazi. Baba yake yule mama alikuwa amesimama nje ya ofisi, nakumbuka, ameshika kofia. Ile irabu ya katikati niliichomeka kwa sababu konsonanti zile zilizofuatana ziliniudhi. Nilitaka silabi ziwe wazi, zihesabike kama katika shairi la mizani minane kwa minane. Mshairi ana ruhusa ya kuliminya jina ili lienee katika kipande. Mwandishi wa cheti hana.

Mikono mingine ilikuja kabla yangu na baada yangu. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao makao yao ya kwanza katika nchi ya Wahaya yalikuwa Kashozi mwaka 1892, waliandika vitabu vya ubatizo kwa Kilatini, na kwa hiyo Yosefu akawa Josephus na Yohana akawa Joannes. Lakini mara nyingi jina la nyumbani waliliandika kwa uangalifu kuliko makarani, kwa kuwa walijifunza lugha ili waungamishe. Kama ningelazimishwa kuamini karatasi moja kati ya zile tatu, ningeamini ya Kilatini. Kisha kodi ya kichwa na nyumba ya Mwingereza, makarani wake wakiwa mara nyingi watu wa kutoka mbali. Kisha kuhamishwa kwa watu kwenye makazi mapya kwa sababu ya malale huko Biharamulo. Kisha vijiji vya miaka ya 1970. Kila safari watu walipangwa mstari na kuulizwa upya, na kila safari aliyeuliza alikuwa na sikio jingine.

Tatizo hili si letu peke yetu, na wenzetu wa mbali wamelishughulikia kwa namna inayofundisha, kwa uzuri na kwa ubaya. Wamarekani wanaotafuta nasaba za enzi ya ukoloni wao hukumbana nalo kila siku. Wajerumani walioshuka Philadelphia kuanzia mwaka 1727 walitakiwa kula kiapo cha utii, na majina yao yaliandikwa na makarani wa Kiingereza. Akina Müller wakawa Miller. Huko Uingereza kwenyewe Shakespeare aliacha sahihi 6 zinazokubaliwa kuwa zake, na tahajia zake hazilingani. Mwaka 1918 Mmarekani Robert Russell alipewa hataza ya mfumo wa kupanga majina kwa sauti badala ya tahajia, na katika miaka ya 1930 mfumo uliotokana nao, Soundex, ulitumiwa kutengeneza faharasa za sensa za nchi ile. Herufi ya kwanza ya jina inabaki, irabu zinaachwa, konsonanti zinazokaribiana zinapewa tarakimu moja: d na t ni 3, m na n ni 5.

Wazo zuri, hata nilipolisoma nilifurahi. Kisha nikaketi na penseli. Katika mfumo huo l ni 4 na r ni 6. Habyarimana anakuwa H165, Habyalimana anakuwa H145: watu wawili. Na kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi, Rwakatare ni R236 na Lwakatare ni L236, kila mmoja katika droo yake mpaka kiama. Chombo kilichotengenezwa kwa masikio ya Marekani kimegawa sauti mahali hasa ambapo sisi tunaiunganisha. Sitaki tukiazime hivyo kilivyo. Nataka tufanye alichokifanya Russell, yaani kusikiliza watu wake, kwa masikio yetu.

Wapo marafiki zangu, walimu wenzangu wastaafu, wanaosema dawa ni kusanifisha: tuchague r kwa majina yote ya huku, tumalize. Nawaheshimu, na usanifishaji ndio ulionilisha miaka yote. Lakini jina likisanifishwa leo, yule mama atakuwa na karatasi nne. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 aliiita Julius Caezar; mwaka 1969 akaitoa upya ikiwa Juliasi Kaizari. Aliisanifisha, na maktaba zikapata majina mawili ya kitabu kimoja. (Jina lake yeye aliliacha Julius. Hakuna aliyemwomba aende kuapa.)

Wapo pia wanaosema, kwa haki, kwamba sisi ni watu wa mpakani na ofisa hana budi kuwa na tahadhari. Sikatai. Mwaka 1994 robo milioni ya watu walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco, na majina yao yalifanana na yetu kwa sababu lugha zetu ni za nyumba moja. Mwaka 2013 ilipita Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu, na tangu hapo nimewasikia watu wazima wakishauriana kuandika l badala ya r ili jina "linukie Tanzania". Huo ndio ushauri wa kusikitisha kuliko yote niliyopata kuusikia kuhusu tahajia. Bugufi ilikuwa nchi moja na Urundi kabla mipaka ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza haijaiacha upande wa Mwingereza. Bizimana wa huku na Bizimana wa kule waliandikwa kwa herufi zile zile, na herufi hazitakwambia yupi raia. Ukitaka kujua mtu ni nani, uliza kilima chake, ukoo wake, aliyepakana naye shamba, aliyemsimamia ubatizo. Jina lililoandikwa kwa r halimshtaki, na lililoandikwa kwa l halimwokoi.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinatekelezeka. Ofisi zipewe orodha ya mabadiliko yanayojulikana: r na l, c, ch na ky, n ya mwanzo kuwapo au kutokuwapo, mw na mu, irabu ndefu na fupi. Karatasi mbili zikitofautiana kwa hayo tu, na mambo mengine yakalingana, zihesabiwe za mtu mmoja bila kumtoza mjane nauli ya safari tatu na ada ya kiapo. Orodha hiyo haiwezi kutungwa na wanasheria. Itatungwa na watu wanaojua kwa nini Liongo ni Liyongo, yaani sisi. Na kila mmoja wenu ambaye bado ana mzee nyumbani amketishe, alisikie jina la babu kutoka kinywani mwake, aliandike pamoja na maana yake, kisha kando yake aandike sura zote alizozikuta katika karatasi, na mwaka wa kila moja, na mkono wake ikijulikana. Asifute hata moja.

Wiki iliyopita nilikwenda na yule mama kuapa. Niliapa kwamba mwandiko ni wangu na kwamba mtu wa karatasi zile tatu ni mmoja. Niliulizwa nilijuaje, nikajibu kwamba nilimwona amesimama mlangoni. Shauri bado linaendelea.

Kutoka hapo tulipitia kwa shangazi yake, dada wa marehemu, kikongwe ambaye hajapata kusoma. Nilimwomba alitamke jina la kaka yake. Alilitamka polepole, akanieleza siku aliyozaliwa na kwa nini aliitwa hivyo. Nilifungua daftari nikamwomba alirudie. Alilirudia mara tatu, akinitazama kama anayemtazama mtoto mzito wa kuelewa, na mara ya tatu bado kalamu yangu ilikuwa hewani, sina hakika kama nimesikia r au l.